Mwizi Aliyepewa Nyumbu

"Umempa mwizi nyumbu!" Don Clodomiro aliipiga meza kwa kiganja, majani ya koka ya kutafuna yakaruka na kutawanyika sakafuni. "Tena si nyumbu tu. Nyumbu wangu mimi! Yuleyule aliyemwiba!"

"Sasa ulitaka nimpe yupi?" Eduvina alimjibu bila kuinua macho kwenye sufu aliyokuwa akiisokota. "Yule punda wako chongo? Yule hata umwache sokoni amevishwa shada la maua, hakuna wa kumwiba."

Wanawake waliojipanga kwenye benchi la ukutani walicheka mpaka kofia zao pana zikacheza. Melchora, wifi yake Eduvina, alicheka kuliko wote, maana huyo hata kwenye matanga hutafutiwa mahali pa kukaa mbali na padri.

Jua lilikuwa limeshapinda. Nyumba ya ronda ya Lanchepata ilinuka viazi vya kuchemsha na poncho, mablanketi yetu ya kuvaa, zilizonyeshewa. Ronda ndiyo sungusungu wetu wa huku milimani: watu wa kijiji wanaojilinda wenyewe kwa zamu, bila mshahara wala bunduki, kwa filimbi, tochi na mjeledi. Don Clodomiro alikuwa mwenyekiti wa ronda ya wanaume wa Pampalarga, kijiji cha jirani, naye alikuja siku hiyo kuchukua vitu vyake viwili: mwizi wake na nyumbu wake. Hakumkuta mwizi wala nyumbu. Alimkuta Eduvina, mwenyekiti wa ronda ya wanawake, anasokota sufu.

"Ameondoka lini?"

"Juzi alfajiri."

"Na nani?"

"Na nyumbu."

"Nauliza mlinzi, Doña Eduvina! Nani alikwenda kumlinda?"

"Si Condesa? Au umesahau alivyokufanya siku ya kubariki mifugo?"

Hapo hata watu aliokuja nao Don Clodomiro waligeukia ukutani kuficha meno. Condesa, yule nyumbu jike, mtoto wa punda na farasi, alikuwa na maringo ya mke wa tajiri, na jina alipewa kwa sababu hiyo. Masikio yake marefu kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha, la kushoto hulowa kwanza, la kulia likaletewa habari baadaye. Hakuwa tayari kubeba mtu. Mawe alibeba, kuni alibeba, magunia ya viazi alibeba huku akinung'unika, lakini makalio ya binadamu aliyakataa. Siku ya kubariki mifugo Don Clodomiro alitaka kumpanda mbele ya watu, naye akamrusha juu ya ukuta wa kanisa. Sisi tusiosema uongo tuliona kwa macho yetu: mwenyewe alianguka siku ileile, kofia yake ikatua kesho yake.

Katika dunia nzima Condesa alimkubali mtu mmoja tu mgongoni, na mtu huyo akawa mwizi.

Jina lake Artidoro, mwanamume mwembamba wa bonde la Mishca, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Alimtoa Condesa zizini kwa Don Clodomiro kama bwana harusi anavyomtoa bibi harusi, akampanda, akaondoka zake taratibu. Filimbi ikalia Pampalarga. Baragumu ya pembe ikaitika kilimani, nyingine ikaitika kilima cha pili, na habari ikampita njiani. Alipofika kijiji cha tatu aliwakuta wanawake wamesimama katikati ya barabara, wameshamchemshia viazi, wanamuuliza kama anapenda na pilipili.

Mwizi huku kwetu hatumpeleki mjini, kwa sababu mjini hurudi kabla ya waliompeleka. Tunamtia kwenye mnyororo. Usidhani ni wa chuma, ni mnyororo wa vijiji. Kijiji kinamlisha, kinatembea naye doria, mchana anafanya kazi ya ujima pamoja na wenyeji, kisha kinamkabidhi kwa kijiji kinachofuata. Hivyo hivyo mpaka azunguke na kurudi pale alipoiba, aombe radhi mbele ya mkutano, kisha aende zake akiwa mtu huru. Mtu aliyelinda ng'ombe wa watu msimu mzima huishia kuwajua kwa majina na tabia, yupi anaogopa radi, yupi anapenda kukunwa shingoni. Baada ya hapo kuwaiba ni kazi ngumu.

Lanchepata ilikuwa kituo cha mwisho cha Artidoro. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi, jua likigusa Kilima cha Msalaba. Condesa naye alikuwa wa kuazima, ameletwa abebe mawe ya daraja.

"Nilikuazima nyumbu abebe mawe," Don Clodomiro alisema. "Hukuniambia atambeba mwizi."

"Kwani nimempeleka matembezi? Nimemtuma kazi." Eduvina aliweka kijiti chake cha kusokotea mapajani. "Daraja limekwama, Don Clodomiro. Magogo ya mkaratusi yamelala kando ya korongo tangu mavuno ya viazi. Tumechimba, tumejenga mawe, tumebeba mpaka migongo ikawa na sugu. Kisha wanaume wetu wakatoboa magogo kwa vyuma vya moto, matundu yakatoka kama meno ya Isaías, kila moja linaangalia upande wake."

"Mimi nipo hapa," alisema Isaías, mume wake, kutoka jikoni.

"Najua upo, baba, ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Akaendelea. "Artidoro alipoletwa, alizunguka yale magogo, akayagonga, akayanusa. Akasema, mkilifunga hivi litapitisha mbuzi mmoja, tena awe hajala. Kumbe baba yake alikuwa seremala wa madaraja, na yeye ndiye aliyekuwa anamshikia zana. Keekee kubwa ya kutobolea magogo ipo kwao Mishca, urefu wake kimo cha mtu. Bila hiyo, boliti haziingii sawasawa. Na mvua hizo." Alionyesha dirishani kwa kidevu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima kama kuku waliokataa kutoka bandani.

"Ungetuma wanaume wawili wakaichukue!"

"Mama yake hampi mtu. Tangu mwanawe akamatwe amezifungia sandukuni zana zote za marehemu. Amesema mkono wa mwizi hautazigusa, na wa mgeni pia. Ilibidi aende mwenyewe akamwombe. Sasa mtu anaenda kumwomba radhi mama yake mzazi, halafu walinzi wawili wamemshika kwapani? Ungekuwa wewe ungekwenda hivyo?"

"Mimi singeiba."

"Wewe hata ungeiba, Condesa angekurudisha."

Melchora alilala kabisa kwenye benchi kwa kicheko. Lakini Don Clodomiro hakupiga meza tena. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema polepole, na hapo ndipo Eduvina alipomwogopa kidogo.

"Sikiliza, mama. Ulisema atarudi lini?"

"Jana jioni."

"Na leo jua ndilo hilo. Mama yake huenda amemfungia mlango. Wewe umempa mnyama anayepita kama upepo, njia za milimani zote anazijua. Vijiji vyote hivi vimemlisha yule mtu na kukesha naye. Akitorokea mikononi mwako, nani atampokea tena mfungwa kutoka Lanchepata? Watasema, wale wanawake ukiwapa mwizi, wanamwongezea na cha kupandia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Eduvina alisimama, akaenda ukutani, akautungua mjeledi kwenye msumari, akauweka mezani katikati ya majani ya koka.

"Jua likigusa Kilima cha Msalaba kabla Artidoro hajarudi, mjeledi huu chukua. Sitaushika tena, na doria ya wanawake wa Lanchepata itakuwa chini yenu wanaume."

"Wifi," Melchora alisema huku akinyanyuka, "weka mezani cha kwako. Sisi usituweke mezani."

"Nimeshaweka."

"Haya. Basi nisogezee viazi, nisife na njaa siku niliyouzwa."

Mjeledi huo ni wa ngozi iliyosokotwa, na mshikio wake umetengenezwa kwa kiungo kilichokaushwa cha fahali. Kiungo chenyewe sitakitaja, ila fahali hakukitoa kwa hiari. Eduvina ameushika miaka mingi kiasi kwamba umechukua umbo la vidole vyake. Kama unataka kujua alikuwa ameweka nini pale mezani, itabidi turudi nyuma kidogo.

Eduvina alizaliwa ng'ambo hii ya korongo, na shule ilikuwa ng'ambo ile. Kiangazi mto wa korongo hilo unauruka kwa mguu mmoja. Masika unakuja na mawe makubwa kama majiko, na uliwahi kumchukua mwalimu pamoja na ubao, ukamtupa chini kabisa bondeni, akatoka akiwa na chaki mkononi, kavu. Baba yake Eduvina alisema mtoto wa kike hatavuka maji yale, akampa kondoo achunge. Basi akawachunga ukingoni mwa korongo, akiwasikiliza watoto wa ng'ambo wakiimba herufi kwa pamoja. Akazijua zote kwa sauti bila kuiona sura ya hata moja. Mpaka leo ukimwonyesha herufi kwenye gunia la mbolea, anakuuliza inaliaje.

Akaolewa na Isaías, kijana mpole aliyecheza ngoma vibaya lakini hakumkanyaga mtu. Mali yao ilikuwa ng'ombe mmoja, Lucera, mwenye nyota nyeupe katikati ya paji. Maziwa yake yalikuwa mazito hata jibini ikakatwa kwa msumeno. Asubuhi moja wakakuta zizi tupu. Lucera hayupo, na ndama wake hayupo. Isaías akatembea mpaka mjini kushtaki. Wakubwa wa huko wakamwambia alete shahidi. Akasema shahidi ni ng'ombe mwenyewe. Wakamwambia basi amlete.

Mwaka ule wezi walivuna milima yote. Watu walilala na mifugo vyumbani. Melchora alilaza fahali wawili kitandani kwake, mumewe akalala nje, na anasema ndio mwaka pekee aliolala bila kusikia mtu akikoroma. Watoto waliacha maziwa. Jirani akamtazama jirani kwa jicho la pembeni, kwa sababu mwizi wa mbali huwa na mwenyeji wake wa karibu.

Ndipo ronda ikaanza. Wanaume wakagawana zamu, wakanunua filimbi, wakatembea na baridi na mvua. Wanawake kazi yao ilikuwa kupika mchuzi wa kijani wa kuwapelekea kwenye vituo. Eduvina alipika, lakini alipika akinung'unika. Alisema miguu ya kumpelekea mlinzi chakula kilimani ndiyo hiyohiyo ya kulindia.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana wanaume walikunywa pombe ya mahindi mpaka asubuhi ya pili ikawakuta wamelala vituoni kama magunia. Eduvina alikuwa anapanda na chungu cha mchuzi kichwani, wanawake wengine nyuma yake na vikapu vya viazi. Kwenye kona ya mkaratusi wakakutana uso kwa uso na wezi, mchana kweupe, wanashusha ng'ombe wa nusu ya kijiji. Kiongozi wao, jitu lenye masharubu, akavua kofia akasema, "Karibu mama, umetuletea chai?"

"Nimekuletea," Eduvina akamjibu, akammiminia.

Chungu kizima kilimshukia, mchuzi wa moto, majani ya paiko, mayai na viazi. Mpaka leo, huko aliko, mvua ikinyesha viazi vinamwota kichwani na lazima apaliliwe. Wenzake walitaka kukimbia, lakini Melchora na wanawake wengine waliwazingira na kuwafunga kwa sufu waliyokuwa wakisokota njiani, raundi kwa raundi. Wanaume walipoamka waliwakuta wezi wamefumwa kama soksi.

Kwenye mkutano, mzee aliyekuwa mwenyekiti wakati ule alisimama na mjeledi, akawauliza watu aliyestahili kuushika ni nani. Alipomkabidhi Eduvina, kijana mmoja wa Pampalarga akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwanamke ashike mjeledi?"

"Ulitaka nishike chungu?" Eduvina alimuuliza. "Sema. Bado kina moto."

Kijana huyo alikuwa Clodomiro.

Tangu siku hiyo wanawake wa Lanchepata wanatembea doria zao wenyewe. Mjeledi wenyewe mara nyingi hauna hata kazi. Eduvina anauzungusha tu kiunoni, na mtu anayempiga mkewe akiuona unapita njiani hukumbuka kuwa ana kuni za kupasua. Aliyesahau aliitwa mbele ya mkutano, akapewa mawe ya kubeba, na kwa mawe hayo tulijenga zahanati. Huwezi kuamini ukuta wa zahanati yetu ulivyo mnene. Ukiumwa huku kwetu, unalindwa na dhambi za wanaume wa kijiji kizima. Baadaye maji ya bomba yakaletwa, maana watu waliozoea kukutana kwenye zamu hawapati shida kukutana kwenye mtaro. Soko la Jumapili likarudi. Wafanyabiashara wa jibini waliokuwa wakikwepa njia yetu sasa wanalala hapa milango wazi, na ng'ombe wa Lanchepata wanalala malishoni usiku kucha wakitazama nyota. Mlango wa nyumba ya Eduvina unafungwa kwa kamba ya sufu, tena ni kwa ajili ya kuku wasiingie.

Limebaki korongo. Mjukuu wake, Nélida, kila masika anakaa ukingoni palepale alipokaa yeye, anasikiliza wenzake wakisoma ng'ambo. Eduvina alimwona mwaka jana akiimba herufi pamoja nao, kwa mbali, amejifunika kofia ya mvua. Aliingia jikoni, akamwambia Isaías anataka daraja.

"Sawa," Isaías akasema, kama vile ameombwa chumvi. Kesho yake akaanza kukata magogo.

Sasa mjeledi ulikuwa mezani, na mwanga wa jua ulikuwa unatambaa sakafuni kuelekea ukutani. Isaías alileta viazi vya kuchemsha, jibini na pilipili ya kusaga, akaviweka mbele ya wageni, maana ugomvi ni ugomvi lakini hakuna anayegombana na njaa kwenye nyumba ya ronda. Don Clodomiro alikula kama mtu anayefanya kazi ya ujima.

"Viazi vizuri," alikiri.

"Vimepaliliwa na mwizi wako," Melchora alimwambia.

"Najua kufanya kazi anajua. Kwangu, mnyororo ulipoanzia, alinijengea zizi jipya." Don Clodomiro alitafuna, akameza. "Zizi zuri sana. Sasa ningependa kuwa na nyumbu wa kulaza ndani."

"Analala vizuri huko aliko."

"Wapi?"

Eduvina alikuwa amerudi kwenye sufu yake, na uzi ukamkatikia. Akaunga. Ukakatika tena. Melchora aliona, akamsogezea sufu nyingine.

Eduvina hakuwa na hofu kwamba Artidoro angetoroka. Hilo alikuwa amelipima. Juzi alfajiri, alipokuwa anampanda Condesa pale uwanjani, yule mtu alimuuliza kwa sauti ya chini, "Doña Eduvina, na nisiporudi?" Yeye akamwambia, "Basi utakuwa mjinga, kwa sababu masikio ya nyumbu huyo yanajulikana mabonde yote." Artidoro akacheka. Halafu akauliza jambo jingine, tayari ameshamgeuza nyumbu njiani: "Na mama asiponifungulia?" Eduvina akampiga Condesa kofi la tako, wakaondoka.

Swali hilo ndilo lililokuwa linamkatia uzi. Alimwona mtu yule mbele ya mlango uliofungwa, mikono mitupu, anaona aibu kurudi Lanchepata bila keekee kuliko aibu ya kuwa mwizi. Mtu wa namna hiyo hakimbii. Anakaa tu chini mahali, siku zinapita. Na ni yeye Eduvina aliyempeleka akakae hapo.

"Doña Eduvina," Don Clodomiro alisema. Mwanga ulikuwa umefika ukutani. Nje, Kilima cha Msalaba kilikuwa cheusi, na jua limekaa juu yake kama jibini mpya kwenye ubao. "Sipendi hivi. Nakwambia ukweli. Ile siku ya chungu nilisema neno la kitoto, na tangu hapo nimeona mambo yenu. Binti zangu wanatembea njia hii peke yao kwenda sokoni, sina wasiwasi."

"Hayo ungeyasema mapema tungekuongezea jibini," Melchora alidakia, lakini sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ila neno uliliweka wewe mwenyewe, mbele ya watu."

"Niliweka," Eduvina alisema.

Alisimama. Alinyoosha sketi yake, akaweka kofia sawasawa kama mtu anayetaka kupigwa picha. Alikuwa mfupi, miguu yake imejikunja kidogo kwa kupanda milima, na pale alipokuwa amesimama hakuna mwanamume chumbani aliyeonekana mrefu kuliko yeye. Akausukuma mjeledi mezani kuelekea ng'ambo, mshikio ukiwa mbele, kama anavyopewa kisu mtu unayemheshimu.

"Ukiuchukua, uupake mafuta ya kondoo kila mwezi mpevu. Unakauka haraka. Na usiutundike karibu na jiko. Na daraja mlimalize, hata kama ni kwa chuma cha moto. Watoto wetu na wenu watavukia hapohapo."

Wanawake wote kwenye benchi walisimama pamoja naye. Hakuna aliyewaambia. Isaías alitoka jikoni, akaja akasimama nyuma ya mkewe, kitambaa cha vyombo begani.

Don Clodomiro alijikohoza. Akanyoosha mkono.

"Basi, Doña Eduvina, mbele ya watu wote hawa, na kwa heshima zote, mimi ninau—"

Mlango ulisukumwa na kitu kisichojua kubisha. Yakaingia masikio mawili marefu, la kushoto limelowa na la kulia bado, kisha kichwa chote cha Condesa, kikatazama waliokuwamo kama mwenye nyumba anayetazama wapangaji. Nje ilisikika sauti ya Artidoro ikisema, "Taratibu, mama, shikilia bega langu."

Kisha kando ya shingo ya nyumbu akapita kikongwe mmoja mdogo, mkavu kama hindi la mbegu, poncho yake imejaa vumbi la njia ya siku mbili. Alikuwa amekumbatia keekee ndefu kuliko yeye, imefungwa kwa shuka jeupe kama mtoto wa kubatizwa, na ilionekana wazi kwamba njia nzima hakumpa mtu mwingine aibebe. Hakusalimia. Aliuangalia mkono wa Don Clodomiro uliokuwa bado hewani juu ya meza, akauangalia mjeledi, akawatazama wanawake waliosimama, mmoja baada ya mwingine.

"Eduvina ni yupi hapa?" akauliza. "Keekee ya marehemu namkabidhi yeye mwenyewe."